Majani Mabichi Pale Konani

Kijiwe chetu hapa Ruhembe ni benchi moja lililoegemezwa matofali, na mwenye birika la kahawa ni mimi, Tumwagile. Wateja wangu wa jioni hawabadiliki. Yupo Nassir, tunayemwita Honi, dereva wa lori la miwa. Yupo Cornel Methali, ambaye hakuna msemo asioupeleka kusikohusika. Na yupo mzee Bonifas Kengele, aliyeendesha baiskeli maisha yake yote mpaka magoti yakamgomea. Jioni hiyo Honi alifika amenuna.

— Leo tena! Majani mabichi katikati ya barabara, pale konani. Dereva ukiona majani unajua mbele kuna gari limekufa. Napunguza, nachungulia, hamna kitu! Wiki nzima nafanywa mjinga.

— Wezi wa miwa hao, Methali akasema. Ukipunguza, wanadandia.

— Nani aibe miwa huku amezungukwa na miwa?

— Basi ni tembo.

— Tembo?

— Usicheke. Wametoka hifadhini Mikumi, wameona mnavyoweka majani, wakaiga, ili wavuke na watoto wao kwa raha. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, na haba na haba hujaza kibaba.

Nilicheka mpaka birika likayumba. Mzee Kengele hakucheka. Kahawa ilikuwa inapoa mkononi mwake.

— Halafu ukivuka hapo, Honi akaendelea, unamkuta yule mama wa baiskeli na tenga lake la matembele. Napiga honi, hatoki. Napiga tena, hata shingo hageuzi! Dharau hiyo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Methali akasema. Safari hii nilitamani angekosea kama kawaida yake.

— Ndiyo hivyo. Kesho nayakanyaga hayo majani, sipunguzi ng'o. Atajua mwenyewe.

— Usifanye hivyo, mwanangu, mzee Kengele akasema. Majani naweka mimi.

Tukamgeukia wote.

— Yule mama ni mke wangu, Generoza. Hasikii. Masikio yalizima masika yaliyopita, na hataki watu wajue. Pembeni pale lami imemeguka, ndiyo maana anapita katikati. Zamani nilikuwa nampakia mimi. Siku hizi natangulia kwa miguu, nakata majani, nayapanga. Akishapita, nayaondoa.

Mzee yule kutoka kwake mpaka kwangu tu hupumzika njiani.

— Sasa si ungetuambia, mzee wangu? Honi akauliza, sauti imeshuka.

— Nitasimamisha magari mangapi niwaambie? Majani mnayasikiliza.

Wakati huo alikuwa amesimama mbele yetu dada mmoja wa wafugaji, Naisula, na dumu lake la maziwa. Ndiyo kwanza afike kijiweni petu.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, nimewasikia nikiwa nakuja, naomba kuuliza. Mkiona majani mnapunguza mwendo. Mkiona mtu, je?

Honi akamtazama Methali. Methali akainamia kikombe chake. Nikainua birika angalau nimimine, yakatoka machicha matupu. Nilimwonea huruma Honi, maana si mtu mbaya. Ana haraka tu, kama wenzake wote wa barabara ile.

— Mama anapitaga saa ngapi, mzee? Honi akauliza.

— Jua likichomoza.

— Kesho lala, pumzisha magoti. Nitakaa nyuma yake pole pole mpaka avuke kona.

— Na watakaokuwa nyuma yako? nikamuuliza. Watakupigia honi mpaka wachoke!

Honi akanirudishia kikombe.

— Wapige tu. Na mimi sisikii.