Mlango Unaofunguliwa Baada ya Magharibi: Maisha ya Bi Mehjabeen Kazim

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata nafasi ndani na nyinyi mliobanana barazani, familia inakushukuruni kwa kuja, na kabla hatujatawanyika baada ya hitima hii inakuombeni subira kidogo, isomwe habari ya maisha ya mwenzetu tuliyemzika juzi, tukijua fika kwamba mwenyewe hakupenda taarifa ndefu, na angalikuwapo angaliuliza muhtasari uko wapi.

Bi Mehjabeen Kazim alizaliwa tarehe 19 Agosti 1966, Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa mbili, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kazim, aliyekuwa akiuza viungo na dawa za mitishamba, na marehemu Bi Hawabai, ambaye hakuuza chochote lakini ndiye aliyejua bei zote. Mtoto wa pili, Sajid, alichelewa sana, akazaliwa Novemba 1979, na kwa kuwa mama yao alikuwa akisumbuliwa na pumu, mtoto yule alilelewa kiunoni mwa dada yake, hata baadhi ya wazee mliomo humu mlikuwa mkimtazama msichana wa miaka kumi na mitatu na kichanga chake mkanong'ona, na yeye alijua kuwa mnanong'ona.

Nyumba ile, kama nyingi za mjini, ilikuwa na kikapu kilichofungwa kamba dirishani juu, anayekuja hupiga mbinja kwa midomo chini kichochoroni, na aliye juu humteremshia kikapu chenye ufunguo, asipate taabu ya kushuka ngazi. Kila mtu wa nyumba alikuwa na mbinja yake, na ya Sajid ilipanda mwishoni, kama mtu anayeuliza swali, na Bi Mehjabeen alikuwa akiijua hata katikati ya makelele ya wauza samaki.

Alisoma shule ya msingi na sekondari papa hapa mjini, akamaliza kidato cha sita mwaka 1985, akavuka kwenda Dar es Salaam kusomea ufamasia, akarudi mwaka 1990, na tarehe 2 Januari 1991 akaajiriwa serikalini, ingawa meza alipewa mwaka uliofuata, na katikati hapo alifanyia kazi kwenye kizingiti cha dirisha, na meza ilipofika akaitumia kuwekea maua.

Tarehe 12 Disemba 1992 aliolewa na Bwana Masoud Haji, mwalimu wa hesabu kutoka Uroa, ndoa iliyohitaji mazungumzo, maana Bi Hawabai aliuliza, "Hiyo Uroa ndiyo wapi?" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa bintiye anapelekwa ng'ambo, na huko Uroa mama mkwe, Bi Kazija, ambaye alikuwa mkulima wa mwani, naye aliuliza, "Huyo bibi harusi wenu pweza anamla, au tumpikie maua?" Alimla, akaomba tena, na tokea siku hiyo wakwe wale wawili wakawa na jambo moja la kukubaliana. Mwenyezi Mungu aliwaruzuku watoto wawili, Ulfat mwaka 1994 na Haitham mwaka 1998, na mjukuu mmoja.

Sasa familia inafika mahali ambapo historia za namna hii huruka, na marehemu aliusia tusiruke. Sajid alianza kutumia unga akiwa kijana, na ilipofika mwaka 2004 ndipo sisi jamaa zake tulipokubali kuliita jambo kwa jina lake, baada ya kuuzwa saa ya ukutani, birika la mama na, kwa ustadi ambao haujaelezeka mpaka leo, kabati. Mwaka 2015 alianza kutibiwa kwa methadoni katika kliniki ya Kisimani, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya muuguzi, ambayo humkinga mtu na arosto, yaani yale maumivu ya kuukosa unga, na Bi Mehjabeen akaomba uhamisho kwenda kliniki hiyo hiyo, akapewa haraka kwa sababu hakuna mwengine aliyeutaka. Sajid akanenepa, akapata kazi kwa fundi wa makochi, na kila jioni mbinja ikasikika kichochoroni.

Juni 2016 iliingia Ramadhani, na kliniki ilikuwa ikitoa dawa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Usiku wa kuandama mwezi Sajid alimwambia, "Dada, mie nshapona, mwaka huu nnataka nifunge kama watu," na mfamasia aliyemo ndani ya Bi Mehjabeen alijua kuwa dawa ile haiachwi namna hiyo, lakini dada mtu, aliyekuwa hajamwona ndugu yake akifunga kwa miaka kumi na mbili, alikwenda kumtayarishia daku. Sajid alifunga siku tano kwa furaha, ya sita akaanza kutetemeka, ya saba akatoka kwenda kununua tende, hakurudi. Jina lake likaondolewa kliniki kwa mujibu wa taratibu, ambazo zilikuwa zikimhesabu kila aliyekosekana kuwa mtoro, bila ya kifungu cha aliyekwenda kufunga.

Tangu hapo Bi Mehjabeen alikuwa na swali moja, kwa nini watu huanza dawa kisha wakaiacha, na ni kitu gani kingewabakisha, akaamua kuliombea fedha za utafiti. Mwaka 2017 wafadhili wa nje walimjibu kwamba tatizo hilo linajulikana tayari, kwa hivyo halihitaji utafiti, na mwaka 2019 wafadhili hao hao wakamjibu kwamba haijathibitishwa kama tatizo hilo lipo, kwa hivyo haliwezi kufanyiwa utafiti, akazibandika barua zote mbili ukutani kliniki, ubavu kwa ubavu, ili zizungumze zenyewe. Mwaka 2021 alikubaliwa.

Yeye na mwenzake Mwalim, ambaye mwenyewe alikuwa ametibiwa hapo na kubaki, waliwafuata walioacha dawa mmoja mmoja, Mji Mkongwe, mashamba mpaka pwani ya mashariki, na wahojaji waliamrishwa wasianze na suali la kwa nini uliacha, waanze na umekula. Mvuvi mmoja wa Uroa aliwaambia, "Bi, nyie dawa mnatoa saa nne asubuhi, mie ntawaambiaje wanangu nimefunga, na mdomo unanuka dawa?" Bi Mehjabeen, anasimulia Mwalim, alifunga kalamu, akasema, "Haya, tushajibiwa."

Basi akaomba kliniki ifunguliwe usiku mwezi mzima wa Ramadhani, mtu afungue kwa tende na kahawa pamoja na wenzake, kisha anywe dawa. Afisa wa mfadhili, Bi Ruchi, mtu mwema, aliyefungwa mikono na wakubwa zake, aliandika kuuliza tende zina mchango gani wa kisayansi, na marehemu akajibu kwamba saumu haifunguliwi kwa dodoso, na baada ya barua kadhaa tende zikapita chini ya jina la vifaa vya utafiti vinavyoliwa. Kamati nyengine ikataka kujua madhara yanayoweza kutokea, akaandika, "Kokwa."

Ramadhani ya mwaka 2022 mlango ulifunguliwa, na mwaka hata mwaka walioacha dawa mwezi huo walipungua mpaka Bi Ruchi akaja kwa ndege kuangalia, asubuhi ya Idi, akawakuta wagonjwa wamepanga foleni na kanzu zao mpya. Akamuuliza Bi Mehjabeen kipimo cha mafanikio ni kipi, naye akasema, "Hizo kanzu." Ripoti ikaandikwa kwa maneno mengine.

Lakini waliokuwa wakifanya kazi naye walijua kwamba kila mlango ulipolia aliinua uso, akamwangalia aingiaye, akasema karibu, na uso ukashuka, na kwamba kila usiku wa Ramadhani alimimina kikombe kimoja cha kahawa zaidi ya watu waliopo, kikapoa, akakimwaga mwenyewe. Mwaka 2024 alisikia kuna mtu Tanga anayepiga mbinja namna ile, akaenda na mumewe, wakamkuta ni kinyozi, akarudi na gunia la machungwa bila ya Sajid. Walipohamia hapa Kiembe Samaki, nyumba isiyo na ghorofa, alikitundika kile kikapu dirishani, na ufunguo ndani yake, na jirani yetu Bi Salhiya alipomuuliza kitateremka wapi, alisema, "Kishafika chini, hebu niwachie."

Juni 2025 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akalazwa na kutoka mara tatu, na kila alipolazwa aliulizwa jina la ndugu wa karibu, akawa anamtaja Sajid Kazim, na akiulizwa namba ya simu husema hana, lakini jina liandikeni. Oktoba, akiwa kitandani, alituma ombi la fedha za awamu ya pili, akajibiwa hapo hapo kwamba limepokewa na kwamba ujumbe huo usijibiwe. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Januari 2026, alifariki nyumbani, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiembe Samaki ambao majiko yao hayajazimika tangu juzi, wafanyakazi wenzake wa Kisimani, watu wa Uroa waliofika kabla ya sisi wa mjini, na hasa nyinyi vijana mliolichukua jeneza bila kumpa mtu mwengine nafasi, ambao majina yenu yamo katika utafiti wake kwa siri, na siri yenyewe mmeivunja wenyewe kwa kuja.

Mfadhili bado hajajibu, na Ramadhani ni mwezi ujao. Kwa hivyo familia inatangaza, na kila mwenye safari ya Tanga, Pemba au Mombasa aichukue habari hii, kwamba Mwalim na wenzake wamekubali kufungua, tende zimeshapatikana, na kliniki ya Kisimani itakuwa wazi kila siku baada ya sala ya magharibi, wala hakuna atakayeulizwa alikuwa wapi. Sajid, ukisikia, kuna kikombe.

Kapumzike, Bi Mehjabeen, umekesha vya kutosha, mlango tutaufungua sisi.