Bustani ya Dawa Zisizotajwa

Kijiwe chetu cha Chang'ombe, hapa Dodoma, ni benchi moja na birika la kahawa la Petro, na mbele yake ipo bustani. Tuliianzisha mwaka ule hospitali zilipoanza kuchangisha wagonjwa pesa. Mtaa mzima uliingia porini, kila nyumba ikarudi na mche wake wa dawa na kuupanda pale kwa faida ya wote. Sharti lilikuwa moja: hutaji dawa yako mpaka siku ya kuchuma, maana ikitajwa mapema inapoa. Tabu, binti mdogo wa Petro, alikuwa akikohoa tangu kiangazi, na sote tulimsubiria majani. Sasa mvua za Desemba zilikuwa zimeshuka, majani yamefunguka, na harufu yake asubuhi ile ilitulegeza tukawa tunaota macho wazi.

Balozi, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alivuta pumzi ndefu.

— Mnaisikia? Hii inafika mpaka Mpwapwa. Ng'ombe wa kule wanapona bila sindano.

Mchumi, karani mpenda magazeti, akatikisa kichwa.

— Wewe unawaza ng'ombe! Siku hizi biashara ni ruksa, bwana. Tunakausha, tunatia kwenye pakiti, treni inabeba. Wazungu watapanga foleni hapa hapa kwenye benchi.

— Treni ya nini, na upepo wa Dodoma upo? Balozi akadakia. Tunapanda mpaka uwanja wa ndege. Ukivuma, mji mzima unavuta dawa bure. Madaktari watakaa wasuke mikeka.

— Na wabunge je?

— Wakivuta hiyo, hawasinzii tena!

Tukacheka, hata Petro. Nilijiona nimelala katikati ya majani yale, sina maradhi, sina uzee.

Ndipo Loisi, mke wa Petro, akavuka barabara na sufuria mkononi. Alikuwa hajawahi kukanyaga kijiweni.

— Shikamoo, Balozi.

— Marahaba, mama Tabu. Mtoto?

— Hajalala. Nimeshabandika maji. Mche wa kifua ni upi?

Balozi akamtazama Mchumi. Mchumi akanitazama mimi.

— Mjuzi wa kifua alikuwa Yotham, utakuwa ule wake, nikasema.

— Marehemu? Aliupanda wapi?

Yotham tulimzika Chamwino mwezi uliopita, na sharti letu alilishika mpaka mwisho.

— Tuonje mmoja mmoja, alisema Mchumi.

— Thubutu! Balozi akaruka. Wangu mimi ni wa kuulia panya.

— Na wako ni upi? Loisi akauliza.

Balozi akageukia bustani, akatazama mche huu, akatazama ule.

— Sijauchuma bado, alisema polepole.

Loisi alituangalia mmoja baada ya mwingine. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

— Nyie baba zangu, siri yote hii mlikuwa mnamficha nani?

Petro aliweka birika chini. Ng'ambo ya barabara mtoto alikohoa, tukamsikia sote.