Adit Manyang na Jiwe la Futi Saba na Inchi Nne

Baba Padri, wazee wetu, akina mama, majirani wa Kator na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi chini ya turubai hili, mimi ni Majur Manyang, ndugu mdogo wa marehemu, mwalimu wa hesabu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu. Nitasoma kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyokulia Kenya na ndiyo aliyofanyia kazi hapa Juba, na baba mdogo atarudia kwa Kidinka nitakapomaliza. Mlioketi nyuma najua mnaniona vizuri, hata turubai lenyewe jana lilibidi lipandishwe kwa ajili yangu, na naomba mnivumilie, kwa maana urefu huu wangu umo ndani ya habari ninayoisoma.

Adit alizaliwa Rumbek tarehe 9 Agosti 1987, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu mzee Manyang na mama yetu Yar, ambaye yupo hapa mbele yenu. Mwaka 1993 mama alitutoa nyumbani kwa miguu na kwa malori hadi kambi ya Kakuma, Adit akiwa na miaka sita na mimi miwili, na safari karibu yote nilikuwa mgongoni kwake, kwa kuwa mama alikuwa amembeba mdogo wetu. Mimi sikumbuki kitu, ila yeye alikuwa akinikumbusha kila nilipomkosea, na nilimkosea mara nyingi.

Alianza darasa la kwanza Kakuma mwezi Januari 1996, tukahamia Nakuru kwa shangazi mwaka 1999, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2003 na wa kidato cha nne mwaka 2007. Mwaka uliofuata shangazi alimpeleka chuo cha ufundi Thika akajifunze ushonaji, darasa ambalo lilipakana ukuta na karakana ya mawe, na mwezi wa tatu mwalimu wa ushonaji alimkuta upande wa pili wa ukuta, amevaa miwani ya plastiki, anamwagia maji diski inayozunguka. Shangazi alipokuja juu, Adit alimjibu, "Shangazi, kukata ni kukata, tofauti ni kelele tu." Alipata cheti cha uendeshaji wa mashine za kukata mawe tarehe 27 Novemba 2009, mwanamke peke yake kati ya wanafunzi kumi na tisa, na cheti hicho kimening'inia sebuleni kwake mpaka leo.

Alikata meza za jikoni na ngazi za ghorofa huko Thika kwa miaka miwili, kisha tarehe 18 Februari 2012 akaja hapa Juba, wakati ambapo kila mtu alikuwa anajenga. Bwana Edrine, ambaye yuko nasi, alikuwa ameleta mashine kutoka Kampala akaiweka katika yadi yake kwenye barabara ya kwenda Nesitu, na anakumbuka vizuri asubuhi ile Adit alipoingia kuomba kazi, akamwambia, "Mimi iko na mashine, iko na mawe, mtu ya kukata ndiyo hakuna, lakini wewe mwanamke, nguvu utatoa wapi?" Dada akamjibu, "Nguvu ni ya mashine, boss, mimi niko na macho." Akapewa kipande cha granaiti nyeusi ajaribu, na hakutoka tena pale kwa karibu miaka kumi na miwili.

Tarehe 23 Novemba 2013 alifunga ndoa na Malith katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa hapa Kator, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kevina aliyezaliwa 2015 na Linus aliyezaliwa 2018. Alikuwa mama mwenye kelele na mcheshi, aliyepika vibaya na kukiri hivyo, na Malith alimpenda kwa namna ambayo sisi mashemeji tulikuwa tukimtania nayo kila sikukuu.

Sasa nafika mahali ambapo wazee wawili waliniomba niparuke, na nimewaambia kwa heshima kwamba sitaparuka, kwa sababu kila mmoja hapa anapajua na kunyamaza kwangu kungekuwa uongo.

Baada ya vita vya mwaka 2013, na tena baada ya vile vya 2016, meza za jikoni zilipungua na mawe ya makaburi yakaongezeka, hata ikafika mahali Adit akawa hakati kitu kingine. Mwezi Juni 2017 alichukua kipande cha granaiti kilichobaki, akakikata futi tano na inchi mbili kwa inchi ishirini na tano, kipimo ambacho hakuna mteja aliyekileta, akakisimamisha ukutani. Fundi mwenzake Semei alipomuuliza ni cha nani, alisema hajui, mkono wake ulikwenda hapo tu. Wiki tatu baadaye akaja mama mmoja wa mtaa wa Hai Jalaba na kamba yenye mafundo mawili, ndugu yake amezikwa uani kati ya ukuta wa jiko na uzio, mahali pembamba pasipolingana na kaburi lolote la kawaida, na walipoilaza ile kamba juu ya lile jiwe la granaiti, fundo la kwanza likakaa ukingoni huku na la pili ukingoni kule. Mama yule alishukuru sana kwamba kazi yake imekuwa haraka namna hiyo.

Ilitokea tena mwaka 2019, ikatokea mara mbili mwaka 2020, na mpaka mwaka jana Semei alikuwa amehesabu mawe saba yaliyokatwa kabla ya wenyewe kuyahitaji. Bwana Edrine alikuwa akiwacheka wafanyakazi wake, akisema, "Jiwe ya kaburi zote iko sawa, nyinyi munaogopa nini?" Mimi nilikuwa upande wake, niliwaambia watu kwamba ukikata mawe mia tatu kwa mwaka, saba kuangukia kipimo cha mtu si ajabu, ni hesabu. Lakini hesabu yangu haikumsaidia dada, kwa sababu hapa Kator watu walianza kukaa chini wakimwona anakuja, akina mama walijifanya wanachagua mboga, wanaume wakachuchumaa kana kwamba wanafunga kamba za viatu, ili asiwaone wakiwa wamesimama akachukua kipimo chao. Mpo hapa mliofanya hivyo, siwataji, na yeye aliwaona na aliwasamehe, lakini alikuwa akija kwangu kulia.

Kuhusu ugonjwa, kikohozi kilianza Aprili 2021. Mashine ile hukata kwa maji, maji ndiyo yanayozuia vumbi, na siku ambazo gari la maji halikufika, kazi ilikatwa kavu kwa kitambaa puani, na siku hizo zilikuwa nyingi. Alitibiwa kifua mara mbili bila nafuu, hadi Januari 2024 tulipompeleka Nairobi, daktari akatuonyesha picha ya mapafu yake na kutuambia kwamba ule weupe ni mawe, umekaa humo na hautatoka. Alikatazwa kukaribia yadi. Alitii karibu mwaka mzima, kisha tarehe 20 Januari mwaka huu akatoroka nusu siku, akawasha mashine, akakata jiwe moja la granaiti nyeusi, futi saba na inchi nne kwa futi mbili na nusu.

Nilipokwenda kumchukua mchana ule, yadi nzima ilinitazama, hakuna aliyenisalimu. Semei alinivuta kando akaniambia, "Majur, hii jiwe iko refu sana, mimi sijaona mtu ingine ya hii jiwe." Mimi nilicheka, nikaenda nikasimama kando yake, likanizidi kwa kiasi kilekile ambacho jiwe humzidi mwenyewe. Adit hakucheka. Ndani ya gari alinishika mkono mpaka nyumbani, akaniambia, "Kwa Mungu, sikukutafuta wewe, mkono ulienda tu."

Tarehe 26 Februari alilazwa, akipumua kwa mtungi wa oksijeni. Mimi nilikuwa nimepangiwa semina ya walimu Nimule, tuondoke Jumamosi tarehe 8 Machi kwa gari la rafiki yangu Griffin, na habari hiyo ilipomfikia kitandani hakula tena. Ijumaa mchana nilikwenda kumuaga, akanisihi, "Majur, hiyo safari wachana nayo, mimi sijawahi kukuomba kitu." Nilimwambia barabara ile napita kila mwezi. Yaliyofuata katika mazungumzo yale nitayasema mwishoni.

Jumamosi saa tatu asubuhi, begi langu likiwa tayari ndani ya gari, wauguzi walipiga simu kwamba kitanda chake ni kitupu. Alikuwa ametoka na bodaboda, na kanga juu ya nguo za hospitali, akaenda moja kwa moja yadi. Tangi la maji lilikuwa kavu tangu Alhamisi. Semei anasema alimkatalia, akamlilia, naye akamwambia kwa sauti yake ya kazi, "Semei, weka jiwe mezani, hii ni kazi," na kwa miaka kumi na tatu Semei hajawahi kupinga sauti ile. Nilipofika, mashine ilikuwa imezimwa na yadi yote ilikuwa nyeupe, mapipa, majani, paa la choo, na katikati ya weupe ule dada yangu ameketi sakafuni, mweupe nywele na kope, amekamata tepu, na nikiri kwamba kwa muda sikumtambua, nilimtafuta Adit nyuma ya yule mtu. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Januari, akatabasamu. Akasema, "Halikutoshi tena."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu na robo asubuhi, Malith akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Akina mama waliomwosha wameniruhusu niseme kwamba maji ya mabeseni sita yalitoka meupe, na la saba waliacha kuangalia. Kwa kawaida jiwe hulazwa juu ya kaburi miezi mingi baada ya mazishi, lakini jana wachimbaji walipotuletea vipimo vyake tuliona hakuna haja ya kungoja, kwa maana vilikuwa futi sita na inchi moja kwa futi mbili na nusu, na jiwe la kipimo hicho lilikuwa tayari yadi, ni lile alilolipunguza Jumamosi. Ndilo mtakaloliona leo. Kile kipande kilichobaki Semei amekizika mwenyewe nyuma ya karakana, hakuniuliza, nami sikumuuliza.

Kwa niaba ya ukoo, nawashukuru madaktari na wauguzi wa Juba na wa Nairobi, hasa dada wa zamu aliyekaa naye usiku wa mwisho akimsomea zaburi. Nawashukuru majirani wa Kator kwa maji, kuni na viti, na ninyi mliokuwa mkikaa chini barabarani, leo mmesimama kumpokea, asanteni. Namshukuru Bwana Edrine, aliyeleta jiwe kwa gari lake mwenyewe na hajalala siku tatu, na Semei, ambaye naomba asijilaumu, kosa si lake. Namshukuru pia Griffin, yule aliyeketi karibu na nguzo, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Griffin alisafiri Jumamosi ile bila mimi, gari halikupata hata pancha, walifika Nimule saa kumi jioni wakala samaki, wakarudi Jumatatu wote wazima.

Malith, shemeji yangu, umeniuliza mara tatu ni nini kilimtoa kitandani, na mara tatu nimekujibu ni homa. Haikuwa homa. Ijumaa aliponisihi, mimi nilikuwa na haraka, nikasimama mlangoni nikamwambia kwa mzaha, "Basi si ulipunguze, wewe ndiye fundi," nikacheka, nikaenda kufunga begi langu. Sikungoja kuona uso wake. Ningeweza kumdanganya tu kwamba siendi, leo pengine ungekuwa bado naye wiki mbili, mwezi, watoto wangepata kumuaga. Kama alikufa kwa ajili yangu au kwa ajili ya mzaha wangu sijui, na kwa kuwa gari lile lilifika salama sitajua kamwe, wala wewe hutajua, na utakavyonitazama kuanzia leo ni haki yako. Nimelisema mbele ya mama na mbele ya Padri ili usilisikie kwa mtu mwingine.

Adit, dada yangu, pumzika kwa amani, mimi bado nimesimama.