Akufukuzaye Hakwambii Toka

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya meza yangu ya kushonea viatu na duka la kinyozi. Mguu wake mmoja ni mfupi, tumeuwekea kipande cha soli, kwa hiyo anayekaa upande ule hupanda na kushuka akibishana. Upande huo ni wa kinyozi mwenyewe, tunayemwita Uhakika kwa sababu hajawahi kuwa na shaka na jambo lolote, na hajawahi kupatia. Upande wa pili hukaa Mzee Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye akianza kusema hana hicho alichoitiwa jina. Katikati yao hukaa birika la kahawa, na mwenye kuiuza husimama nyuma yake. Mchana mmoja chini ya benchi kulikuwa na mbwa. Mbwa mwenyewe ni wa kukutia adabu, kifua kipana, shingo nene, ila anatetemeka mpaka vikombe vinagongana. Aliletwa na binti wa dada yangu, anayefanya kazi kwenye kituo cha kulea mbwa waliotupwa.

Binti: Mjomba, nimekuja mnisaidie kufikiri. Kituo kimejaa. Jioni hii mwenye ghala la mbao anamchukua, akamfunge mnyororo getini.

Mimi: Kwani kuna ubaya gani? Mbwa na geti ni ndugu.

Binti: Huyu akiona mnyororo tu anajikojolea. Akifungwa pale siku moja ataingiwa na woga, atamng'ata mtu, na wataniambia eti alikuwa mkali. Wakishasema mkali, wanamuua.

Breki: Sasa mwenyewe anataka nini?

Binti: Nyumba yenye utulivu, babu. Ukuta mrefu. Mtu anayetembea sana, maana ana nguvu, asipochoka anakula mlango. Na asiwe mtu wa makelele.

Uhakika: Basi si mtaa huu. Uhakika.

Breki: Mimi toka nianze kuendesha lori sijaona mwili mkubwa hivi ukabeba roho ndogo hivyo.

Mbwa akainuka, akatokeza upande wa Mzee Breki, akamwekea mdomo gotini. Mzee akaruka, kahawa ikaingia kwenye mkono wa shati.

Breki: Toka! Toka hapa!

Mbwa akazidi kumsogelea, mkia unachapa miguu ya benchi.

Uhakika: Kiziwi huyo.

Binti: Anasikia hata mfuko wa mkate ukifunguliwa chumba cha pili.

Uhakika: Basi hajui Kiswahili. Alilelewa na wageni.

Breki: Apelekwe kwenye timu ya mpira. Pale golini kwa sasa wana kijana mwembamba, mpira unampita kama upepo wa dirishani. Huyu akikaa tu, goli limejaa.

Binti: Babu, filimbi ikipulizwa atakimbia na wavu.

Breki: Basi avute mkokoteni.

Uhakika: Nyinyi hamfikirii mbali. Mbwa mwenye nguvu haogopi bure. Huyu alikuwa wa mkubwa fulani. Alilala chini ya meza wakubwa wakipanga mambo yao, akayasikia yote. Sasa anaogopa asije akaropoka.

Breki: Mbwa ataropokaje?

Uhakika: Ndiyo maana habweki. Mmemsikia akibweka toka afike?

Mbwa akamwacha Mzee Breki, akaenda kusimama mbele ya Uhakika, anamtazama usoni.

Uhakika: Mnaona? Amekuja kukiri.

Tulicheka sana, na mimi nikiwemo. Muuza kahawa, ambaye hutumia maneno kwa ubahili, alijaza tena kile kikombe kilichomwagika, akasogeza birika mbali na mkia.

Uhakika: Nimepata. Apelekwe kwa shemeji yangu.

Binti: Yule ambaye mkewe anagombana na redio?

Uhakika: Huyo huyo. Kelele anazoziogopa azipate asubuhi na jioni. Dawa ya moto ni moto.

Binti: Atapanda juu ya paa.

Breki: Binti, na wewe umezidi. Huku hutaki, kule hutaki. Mchagua jembe si mkulima. Mpe mwenye ghala, yamekwisha.

Uhakika: Hapo mzee umenena. Na kutobweka kwake ndiyo sifa ya mlinzi. Mwizi anaingia ametulia, hajui kuna mtu. Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka.

Hakuimaliza vizuri. Mbwa alimpandia miguu miwili mapajani, benchi likainama kwenye ule mguu mfupi, na Uhakika akateremka mpaka chini na vikombe vyake. Muuza kahawa alitazama birika lililolala ubavu, akatutazama sisi, akaliinua.

Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, ameshika kamba ya mbwa kwa mikono miwili, anaangalia jua lilivyofika kwenye ukuta wa ng'ambo. Amekuja kwa mjombake na shida yake, na sisi tumeigeuza kitoweo cha kahawa. Niliona haya, nikashika msumari na nyundo ili nionekane nina kazi.

Hapo akaja mwanamke mmoja, msoma mita za maji, amevaa ndara, viatu vyake vya kazi mkononi.

Mwanamke: Fundi, soli tena.

Mimi: Dada, hizi si nimeziweka majuzi tu?

Mwanamke: Mageti yote haya ni yangu, mpaka kule ng'ambo ya reli. Soli hazina kosa.

Alimwona mbwa, wala hakurudi nyuma. Akauliza: Anaitwa nani?

Binti: Kituoni tunamwita Jabali. Haitiki.

Uhakika: Hana jina. Uhakika.

Breki: Jina la nini? Dada, kaa mbali, asije akakupanda. We mbwa, toka!

Mbwa akamwendea mzee, masikio yamelala kwa furaha.

Mwanamke: Mbona ukimwambia aende, yeye anakuja?

Breki: Ukaidi.

Mwanamke akaweka viatu chini, akachuchumaa. Kwa sauti ndogo, kama anayemwita mtoto aje kula, akasema: Toka.

Mbwa akageuka. Akaenda polepole, tumbo karibu na ardhi, akamlazia kichwa chote magotini. Kule kutetemeka kukapungua, kukapungua, kukaisha.

Nikarudisha akili nyuma: kila alipoinuka, mmoja wetu alikuwa amelitamka. Hata lile la methali. Kumbe hakuwa kiziwi, wala mkaidi. Huko alikokulia hakuna aliyempa neno lingine, naye akalipokea hilo hilo, akalifanya jina lake. Roho iliniuma, siwafichi.

Mwanamke: Neno hilo nalijua. Nagonga geti, sijasema nimefuata mita, nimeshaambiwa.

Binti: Dada, nyumbani unakaa na nani?

Mwanamke: Na mama. Hasikii vizuri, na mimi nikirudi sina hamu ya kuongea.

Binti: Redio?

Mwanamke: Iliharibika, tukaona heri.

Binti: Na ukuta?

Mwanamke: Marehemu baba aliogopa wezi sana. Tumebaki na ukuta, cha kuibiwa hakipo.

Binti: Kutembea sikuulizi. Nimeziona soli.

Alitoa simu palepale, akampigia mwenye ghala: Samahani mzee, huyo mbwa ameshatoka. Mbwa akainua kichwa akamtazama, na mpwa wangu ndipo akacheka, machozi yakamtoka huku anacheka.

Mwanamke akapokea kamba. Walikuwa wamefika kwenye kona ya pili, wanakata, na Uhakika akashindwa kuvumilia kuachwa bila neno la mwisho.

Uhakika: Mimi nilisema toka mwanzo!

Mbwa akageuka mbio, anamburuta mwanamke na ndara zake, wakafika wakaangusha kikombe pekee kilichobaki na kahawa. Muuza kahawa alipindua birika kutuonyesha. Hata tone.

Mwanamke alivuta pumzi, akajifunga upya kilemba.

Mwanamke: Haya, wenye maneno. Siku nikitaka huyu aondoke sebuleni, nimwambieje?

Mzee Breki alianza neno, akapiga breki. Mimi nilitafuta neno, kila nililolishika lilikuwa lile lile. Uhakika alikuna kichwa, kisha, jambo ambalo sijalisikia tangu nimjue, akasema hajui.

Mwanamke akamkuna mbwa sikio.

Mwanamke: Basi atakaa.