Hadithi ya Kufungia Mikate

Mkokoteni ulikuwa unakaribia kona ya kwanza, wasikilizaji wapendwa, na juu yake ilikuwa imepakiwa meza ya kulia chakula ya familia nzima. Mbele alikuwa mwenye mkokoteni, anavuta. Nyuma alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi, anasukuma. Na mlangoni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, alisimama wifi yake, anapiga kelele.

"Wifi! Hiyo meza unaipeleka wapi?"

"Kazini!"

"Kazi gani? Si umeacha kazi jana?"

"Ndiyo maana naihitaji!"

"Na sisi tutakula wapi?"

"Kuleni mkekani, mtapungua matumbo! Nitairudisha."

"Utairudisha nusu! Lini wewe umemaliza kitu? Bi Nusu wewe!"

Mtaa mzima ulisikia. Jina likamganda kama unga mbichi kwenye kidole. Tangu siku ile akawa Bi Nusu, na yeye mwenyewe akipokea simu alikuwa anasema, "Bi Nusu hapa, sema."

Leo tunamkumbuka huyo. Bi Nusu, mwandishi wa hadithi na mfanyabiashara wa hadithi hizo hizo. Amefariki dunia mwezi uliopita, nyumbani kwa kaka yake. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Bi Nusu, yule wa hadithi za kwenye karatasi za mikate, hatunaye tena. Mengi ya leo tumesimuliwa na wifi yake, mwoka mikate, aliyekaa naye na kugombana naye, na ambaye hata siku ya mazishi alikuwa bado amemkasirikia.

Tumwelewe huyo wifi. Kabla ya meza kuondoka alikuwa ameshavumilia mengi. Kulikuwa na sweta lililofumwa mikono yote miwili likakosa mgongo. Kulikuwa na mafunzo ya upishi yaliyokomea kwenye kukata vitunguu. Kulikuwa na ndoa. "Hata mumewe aliachwa katikati ya sentensi," anasema wifi. "Yule mwanamume mpaka leo anangoja kujua alikosa nini." Na juu ya kabati kulikuwa na hadithi, rundo zima, kila moja ina kichwa na kiwiliwili, miguu hakuna.

Kazi aliyoiacha ilikuwa ya kuandika matangazo katika ofisi ya mabasi. Abiria wanaombwa hiki, abiria wanakatazwa kile. Aliondoka kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna mtu aliyewahi kusoma kitu chake na kuuliza ikawaje. Basi. Ndicho alichokitaka duniani. Mtu amuulize ikawaje, na yeye apate ugali wake humo humo.

Akakodi chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Akaandika hotuba za kuagia wastaafu, maneno ya vibao vya maduka, salamu za harusi. Mwenye duka la viatu alikuja kutaka maneno matatu ya kibao, akakalishwa asubuhi nzima asimulie kiatu chake cha kwanza, nani alimnunulia, kilimbana wapi. Alitoka analia. Kibao kilikuwa kizuri, lakini kazi namna hiyo utafanya ngapi kwa siku?

Na hapo ndipo alipoanza kumtia wifi wazimu upya. Bi Nusu alikuwa na desturi yake. Haandiki mpaka kwanza aende duka la mikate asubuhi, apange foleni. Hanunui. Anapanga foleni tu, masikio wazi, na akifika mbele anarudi nyuma anaanza tena.

"Unataka mkate?" wifi anamuuliza.

"Sitaki mkate. Namngoja yule mama amalizie habari ya mpangaji wake."

"Wifi, mtaka cha mvunguni huinama. Wewe umelala kabisa, na umelala mlangoni kwangu! Wateja hawapiti!"

"Kichwa changu mtungi, wifi. Nisipochota, nitamimina nini?"

Ni katika foleni ile, wasikilizaji wapendwa, ndipo wazo lilipomjia. Mikate inafungwa kwa karatasi. Karatasi haina kitu. Mtu anatembea nayo mpaka nyumbani, anaiweka mezani, anaitazama huku anatafuna. Kwa nini isiwe na hadithi? Wifi atalipa kidogo zaidi kwa karatasi, mikate itauzika zaidi, mwandishi atapata fungu lake. Wifi alikubali shingo upande, na alikubali kwa sababu moja tu: hadithi ikiwa ya kila wiki, huyu mtu atalazimika kumaliza.

Hadithi yenyewe wengi wenu mnaijua. Dada wawili wamerithi nyumba moja. Wanagombana, wanajenga ukuta katikati, na ukuta unapita jikoni. Mmoja anabaki na jiko, mwingine anabaki na bomba. Mmoja ana moto hana maji. Mwingine ana maji hana moto. Wala hawasemeshani.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Mikate ilifungwa ya moto, wino ukahamia kwenye ganda. Wateja walirudi na mikate yenye maneno. "Mama, wa kwangu umeandikwa akanuna!" Wifi alitaka kumkanda Bi Nusu pamoja na unga. Wakajifunza kupoza mikate kwanza na kupiga chapa upande wa nje tu.

Wiki zilizofuata zilikuwa balaa zaidi. Bi Nusu alikuwa amekataa kuweka namba kwenye sehemu za hadithi. "Hadithi si kiti cha basi," alisema. Karatasi zikapangwa rundo moja dukani, wifi akafungia inayomjia mkononi. Mtu wa kwanza akapata ukuta unajengwa, wa pili akapata ugomvi uliotangulia, wa tatu akapata mazishi ya baba yao. Watu wakasimama barabarani mikate kwapani, wanabadilishana karatasi, wanabishana nini kilianza. Kulikuwa na upande wa jiko na upande wa bomba. Mke na mume waliingia dukani hawasemeshani kwa ajili hiyo. Wifi alivimba kwa hasira, na mikate ikaisha kabla ya saa nne.

"Ilinichosha," anasema wifi. "Anakosea, halafu kosa lenyewe linaleta wateja. Utamfundisha nini mtu wa namna hiyo?"

Kisha akaja bwana wa sabuni. Suti, mkoba, maneno matamu. Kampuni yake ingelipia karatasi zote, mradi dada mmojawapo atumie sabuni yao ndani ya hadithi. Wifi aliona neema imebisha hodi. Bi Nusu, kwa mshangao wa kila mtu, akakubali. Karatasi zikatoka. Dada wa bomba kanunua ile sabuni, kwa jina lake kabisa, kainusa, kaisifu harufu, kaidondosha sakafuni, kaikanyaga, kavunjika mkono.

Bwana wa sabuni alirudi na karatasi mkononi. "Mama, hii ni nini?"

"Si umetaka aitumie?" Bi Nusu akamuuliza. "Na ameisifu. Soma vizuri, harufu ameisifu."

Wifi alimwambia mumewe siku ile, "Dada yako ataniua." Mumewe, fundi bomba, ambaye ndiye kaka wa marehemu, hakuwahi maishani kuchukua upande. Alikumbuka kwamba kuna mahali bomba linavuja, akachukua mfuko wa vifaa, akaondoka.

Hata hivyo watu walianza kumfuata Bi Nusu wakitaka wafundishwe kuandika. Aliwafundisha, na ada yao ilikuwa mojawapo ya mapato yake. Lakini hakuna aliyeshika kalamu kwanza. Aliwapeleka kwa wifi wakande unga. Alisema mikono ikiwa na kazi, mdomo husema kweli, na mwandishi anayejifunza asikilize hapo. Basi wifi alijazwa makarani na wauza simu wanaokanda unga kama wanafinya chunusi.

"Huu mkate una mabonge!"

"Wana wa watu wanajifunza, wifi."

"Wajifunze kwa unga wa mama zao!"

Miaka ikaenda. Wale dada wawili wakazeeka kwenye karatasi. Kila baada ya muda wifi aliuliza swali lile lile: utamaliza lini? Na kila mara jibu likawa, bado kidogo. Ukweli ni kwamba hakuwa akijua mwisho wake. Kuanza kulikuwa kwake kama kupiga chafya. Kumaliza kulimtisha. Alimwambia wifi siku moja, bila mzaha, "Kitu kikiisha, watu wanakipima. Kikiwa nusu, wanakihurumia."

Halafu figo zikaanza kumsumbua. Akarudi nyumbani kwa kaka yake, chumba kile kile alichokitoka. Mikono ikavimba, kalamu haishikiki. Akamwita wifi mchana mmoja, baada ya mikate ya asubuhi kuisha.

"Kaa. Nakuambia mwisho, uandike."

Wifi alikaa haraka, asije akaghairi. Akaandika. Dada wa jiko amefariki upande wake. Dada wa bomba amesikia kimya. Amefungua maji, ameosha sufuria yake, ameifunika. Ukuta uko pale pale. Mwisho.

"Mwisho gani huo?" wifi akauliza. "Hawaongei?"

"Hawaongei."

"Miaka yote hii nimewafuga watu hawa dukani kwangu, halafu hawaongei?"

"Wewe unawajua wangapi walioongea?"

"Ndiyo maana watu wananunua hadithi! Ya kweli wanayo nyumbani, bure!"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Wifi aliweka kalamu chini. Alisema haandiki upuuzi huo, atapigwa mikate na wateja. Bi Nusu akageukia ukutani. "Sawa. Basi nife nayo nusu, kama ulivyonibatiza."

Wifi akaokota kalamu. Aliandika kwa kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Lakini aliandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Akapeleka kwa mpiga chapa mwenyewe, kwa miguu, na njia nzima alikuwa anasema peke yake.

Siku mikate ile ilipotoka, foleni ilisoma papo hapo. Kisha ikachafuka. Wa kwanza kurudi alikuwa kinyozi wa upande wa pili wa barabara, mtu wa upande wa jiko tangu mwanzo. Akaitupa karatasi juu ya meza ya mauzo.

"Mama, ndiyo nini hii? Wamenuna tangu sijaoa, sasa wanakufa wamenuna?"

Wifi alikubaliana naye kila neno. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Alifungua mdomo amwambie pole, kikatoka kitu kingine.

"Wewe mbona watu unawanyoa mapengo hatusemi? Mwisho ni huo. Mwenye hadithi ameumaliza. Kama hupendi, kaandike wako!"

Kesho yake kinyozi akarudi, ameandika nyuma ya karatasi ile ile. Katika mwisho wake dada wanavunja ukuta kwa mchi na kufungua saluni. Akafuata yule mama mwenye mpangaji. Akafuata karani mmoja wa wakanda unga. Ndani ya wiki moja wifi alikuwa na kapu zima la miisho, na kichwa kinamuuma. Wengine walikuwa wamewaozesha wale vikongwe. Mmoja aliwapeleka mwezini.

Alilibeba kapu mpaka chumbani, akalibwaga kitandani. "Haya. Ona ulichoniletea."

"Nisomee."

Akamsomea mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Bi Nusu alisikiliza amefumba macho, anatoa hukumu. Huyu anadanganya. Huyu amechoka njiani. Huyu amemsikia mama yake, si yeye mwenyewe. Ulipofika wa kinyozi alicheka mpaka akakohoa.

"Kuandika hajui. Lakini ana sikio. Mwite aje akande unga."

"Unga wangu!"

"Mwite, wifi."

Bi Nusu alifariki siku chache baadaye, alasiri. Wifi alikuwa dukani, foleni imefika nje. Akamwona mumewe amesimama mwisho wa foleni, kofia mkononi.

"Wewe! Unapanga foleni dukani kwako? Pita huku!"

Hakupita. Alisogea na watu, hatua kwa hatua, akafika mbele, akamwambia. Wifi akawauzia waliobaki. Anasema hakujua afanye nini kingine, na wale watu walikuwa wametoka mbali. Kisha akafunga mlango.

Kwa kaka yake, fundi bomba, kwa wifi yake, mwoka mikate, na kwa wote waliokanda unga wakitafuta maneno, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole ya dhati. Mungu ampumzishe pema.

Na wewe unayesikiliza, ambaye umelalia hadithi, au wimbo, au biashara uliyoibuni, mwaka wa ngapi huu unasema bado kidogo, jiulize leo unangoja nini. Yai likilaliwa mno huwa viza. Utasemwa, ndiyo. Bi Nusu alisemwa siku zote, na siku alipomaliza akasemwa zaidi. Kinachoudhi ni kwamba angeweza kumaliza mapema, tukamsema miaka mingi zaidi akiwa hai.

Kwa wanaouliza nani yuko wapi sasa. Fundi cherehani amempangisha chumba kile muuza mapazia. Bwana wa sabuni amehamia kampuni ya rangi. Mwanamume aliyeachwa katikati ya sentensi alikuja mazishini, akasimama nyuma, akaondoka bila kuuliza. Mpiga chapa anaendelea na kazi. Kinyozi anakanda unga siku zake za mapumziko, vibaya. Kaka anatengeneza mabomba. Wifi anachapa mwisho mmoja kila wiki kutoka kwenye kapu, na mpaka leo hajaupenda hata mmoja.