Jibu Lililotolewa katika Chumba cha Kupimia Moyo

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, katika chumba cha kupimia moyo, walikuwapo watu wanne: daktari wa moyo, mpimaji, ambaye ni mama wa makamo aliyeshika kifaa cha mashine, marehemu, siku hiyo akiwa mgonjwa, amelala ubavu wa kushoto, kifua wazi, na kaka yake mkubwa, aliyeketi karibu na mlango, ambaye ndiye aliyeiandika historia hii na ameomba isomwe bila kupunguzwa.

Marehemu, aliyejulikana kwa wote kama Fundi Futi kwa sababu ya futi kamba isiyomtoka shingoni, alizaliwa tarehe 2 Juni 1948, akiwa kitinda mimba katika watoto wanne, akasoma hadi darasa la nane, akafundishwa kushona na mjomba wake, na tarehe 1 Februari 1969 akafungua duka lake mwenyewe, chini ya nyumba aliyoishi, ngazi kumi na tisa kutoka dukani hadi kitandani. Alifunga ndoa tarehe 5 Oktoba 1974, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba. Katika kazi alikuwa na sheria moja, kutomwamini mteja kuhusu kiuno chake; akitajiwa inchi thelathini na nne huvua futi na kusema, "Kiuno hakina adabu, mzee mwenzangu, hukua bila kuaga," kisha hupima.

Mwaka 2022 tabibu wa zahanati, aliyekuwa akimpima presha, alisikia kifuani mvumo uliopanda hadi shingoni, akampeleka hospitali. Siku ile ya Machi mpimaji alipitisha kifaa chenye jeli katikati ya mbavu, akapima kasi ya damu inapotoka moyoni kupitia vali iliyobana, akarudia mara tatu, kwani vipimo havikukubaliana, tundu la vali likisema limebana sana, kasi ikisema limebana kiasi. Daktari alieleza kwamba mashine imemaliza maneno yake, sasa ni zamu ya mgonjwa. Kama kuna kazi inayomshinda, ataandikwa kubadilishiwa vali, na kama hakuna, atarudi baada ya miezi sita.

Marehemu alipoulizwa na daktari, "Ngazi vipi, baba?" alijibu, "Zipo, daktari, hazijahama," mpimaji akacheka, daktari hakucheka, akasema wazee wengi hawahemi kwa sababu wameacha yanayowahemesha, akamgeukia kaka: "Na wewe, mzee, kuna kitu alichokuwa akifanya mwaka jana ambacho sasa hafanyi?"

Kaka alijua. Mwezi wa Novemba yeye mwenyewe alishika tochi wakati mota ya umeme ikifungwa kwenye cherehani ya miguu, kwa kuwa marehemu alikuwa akikanyaga mshono mmoja na kupumzika, na alijua kwamba tangu Januari analala kwenye kochi la dukani, akimwambia mkewe kuwa kazi zimemzidi. Lakini mdogo wake alimtazama kwa jicho lile lile la utotoni, la usinisemee, kwani aliogopa kupasuliwa kifua kuliko alivyoogopa kufa, na kaka, aliyelelewa kutomwaibisha ndugu mbele ya watu, akasema, "Hakuna, daktari." Jibu likaandikwa. Walipofika nyumbani shemeji akauliza, "Mmeambiwaje?" na kaka akajibu kwamba wameambiwa warudi tarehe 12 Septemba, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Familia inamshukuru daktari na mpimaji, waliopima vizuri na kuuliza vizuri, asiwalaumu mtu. Inawashukuru majirani walioupandisha mwili wake nyumbani na kuushusha kwenda kaburini, na mafundi wenzake wanaomalizia nguo alizoziacha zimekatwa. Kaka anamwomba radhi shemeji yake, anayelisikia jambo hili leo kwa mara ya kwanza, pamoja na watoto. Pumzika salama, mdogo wetu, hakuna tena wa kukuuliza.

Jumamosi, tarehe 19 Agosti 2023, umeme ulikatika, suruali ya bwana harusi ikiwa inasubiriwa mlangoni, marehemu akaiondoa mota kwenye cherehani, akarudisha mkanda wa miguu, akaanza kukanyaga. Alifariki dunia saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka 75.