Tai ya Damu ya Mzee

Sogeeni, wanangu, lakini kaeni upande wa mlangoni ambako nawaona, mtu asikae nyuma ya kichwa changu. Abdulhalim, wewe mkubwa, chukua kigoda. Mshamu, kaa mkekani hapa miguuni, na mikono yako iweke juu ya mapaja niione. Naona umeiingiza ndani ya kanzu. Haya, iache humo kwanza, tutafika huko. Mwamini, mkwe wangu, simama hapo hapo ulipo. Na wewe Zawadi, mjukuu wangu, andika ninavyosema, usinipambie. Uliacha shule kidato cha pili ili uniuguze, basi elimu uliyoondoka nayo itumie leo kuyashika maneno ya babu yako kama yanavyotoka. Nimekwisha kumtaja Mungu na kumsalia Mtume wake, na Maalim Iddy aliyekaa hapo ni shahidi kwamba akili yangu ni nzima, mwili ndio uliochoka.

Mnajua nilichonacho. Shamba la mpunga la Mkongo na nyumba hii Maalim atawagawia kwa mafungu ya sheria, na hapo sina neno. Neno langu liko kwenye banda la pale sokoni Ikwiriri na lile sanduku la mninga lenye suti za kizamani, tai zake na viatu vyake. Vijana wa Dar wanaoshuka kwenye mabasi kuja kuvipiga picha wanaviita vinteji, mimi naviita kazi yangu, kwa kuwa marobota ya mitumba huja suti ikiwa huku, tai kule, na kiatu cha kushonwa kwa mkono kimelaliwa na makoti ya baridi, na mimi ndiye niliyevitafutia wenzake kimoja kimoja.

Sikilizeni basi namna ya kuvitafutia, maana sijapata kuisema yote kwa mtu mmoja. Nilikuwa nikimpa huyu nusu na huyu nusu, nikihofia atakayeijua yote atanikimbia nayo. Anzeni na kiatu. Kiatu ndicho kigumu kukipata, kwa hiyo tai ndiyo ikifuate, na tai isikizidi kiatu kwa kung'aa, kwa sababu bwana harusi akiingia ukumbini watu hutazama kifua, kisha macho yao hushuka miguuni kuuliza kama ni kweli. Rangi msizilinganishe chini ya taa ya umeme, inadanganya. Tokeni mlangoni asubuhi, jua likiwa bado halijapanda. Na kama rangi imekaribia lakini haijafika, chemsheni magome ya mkandaa. Baba yangu alikuwa mkata mikoko kule kwenye visiwa vya delta, akitia nyavu zake rangi hiyo zisioze. Mimi nilikuja bara na furushi la magome nikagundua kwamba ngozi inayapenda, na hariri inayapenda zaidi.

Sasa niambieni, nani asiyevijua viatu vyangu vya damu ya mzee? Vyekundu vilivyoiva mpaka vinakaribia weusi. Tai yake ilikuwa ya rangi hiyo hiyo, ya mapana kama za watu wa zamani, na seti ile iliwatoa mabwana harusi kuanzia Kibiti mpaka Mtunda, wala hakuna aliyewahi kuirudisha na doa. Miaka kumi na moja iliyopita nilikwenda Mkongo kuvuna, nikamwachia Mshamu banda. Niliporudi viatu vilikuwapo, tai haikuwapo. Nilimuuliza, akasema hajui. Nikamuuliza tena mbele ya watu, akasema hajui. Siku ile nikachukua ufunguo wa sanduku, nikauvaa shingoni, na tangu hapo mwanangu amekuwa akipiga pasi suti bandani kwa baba yake kama kibarua, akihitaji shati anakuja kuniomba. Sikumfukuza. Nilitaka awe karibu ili nimwone akijisahau.

Hakujisahau. Ila mwezi uliopita, baada ya sala ya adhuhuri, nimelala hapa mkidhani nimesinzia, nikawasikia nyinyi wawili nyuma ya kiambaza cha miti. Mshamu alisema, "Damu ya mzee ndiyo ngumu. Nikiipata hiyo, mengine si kazi." Na wewe Abdulhalim, sauti yako naijua, ukamjibu, "Fanya haraka basi, asije akaondoka kabla."

Wanangu, nililala nikihesabu nani aliniletea nini tangu niugue. Uji wa Mwamini nikauona mchungu. Ndiyo maana, mkwe, tangu siku ile sikugusa bakuli lako mpaka Zawadi aonje mbele yangu, na wewe ukadhani ni deko la mgonjwa, kumbe babu mtu mzima alikuwa anamtanguliza mtoto kwenye sumu. Mungu anisamehe hilo kabla ya mengine. Wembe wa kunyolea nikaamuru utolewe chumbani. Kisha nikamwita Maalim, nikamwambia theluthi yangu, yaani banda na sanduku, nampa Hashimu, mtoto wa ndugu yangu wa Mtunda, ambaye angefunga tai ya kijani juu ya viatu vyeusi vya askari akajiona amependeza. Nilijua ataviharibu. Nilisema bora viharibike kuliko kuwaachia walioniua.

Ile karatasi Maalim anayo mfukoni.

Jana baada ya alasiri Mshamu akaingia, akanilaza tai kifuani. Akasema imeonekana, ilikuwa chini ya robota la zamani. Nilimwambia Zawadi alete viatu, nikaomba nibebwe mpaka mlangoni, na leo asubuhi nikabebwa tena, kwa sababu jua la jana lilikuwa limeshuka na sikuliamini. Nikaiweka tai juu ya kiatu. Rangi ni ile, au imebakiza kidogo sana. Lakini nikaipeleka puani, na tai iliyolala miaka kumi na moja chini ya robota hainuki mkandaa na matope ya delta. Hii ilikuwa nyeupe mwezi uliopita.

Mshamu, toa mikono.

Inyooshe. Ioneni rangi ya mkandaa. Mpaka vifundoni, na kwenye kucha ndiko kulikozidi. Nimemuuliza leo kabla hamjaingia, na Zawadi andika alivyojibu.

"Baba, ya zamani siijui iliko, sikuichukua. Nilitaka uione seti imetimia kabla hujaondoka."

"Ukaniongopea?"

"Nikakuongopea."

Basi nimekaa na jibu hilo tangu asubuhi, nikiligeuza nitafute mlango wa hila, kama nilivyozoea. Nikaona hivi: aliye na tai halisi haunguzi mikono mwezi mzima kuichemsha nyingine. Uongo wake wa jana ndio uliomtolea ushahidi. Na maneno ya nyuma ya kiambaza nikayasikia upya. Mimi niliyeiuza rangi ile miaka arubaini, niliyewafundisha nyinyi jina lake, niliposikia ikitajwa ndani ya nyumba yangu sikusikia rangi, nilisikia shingo yangu.

Nani aliichukua, sijui. Bado nawaza majina matatu, na sitayataja, maana nilikwisha taja moja kwa makosa.

Maalim, ichane karatasi. Ichane hapa, nisikie. Ahsante. Hashimu mpelekeeni salamu zangu na ile suti ya kijivu, inamtosha. Banda na sanduku viwe vyenu kwa mafungu, lakini ufunguo ashike Mshamu. Abdulhalim, umeridhika? Sema kwa sauti. Haya, Zawadi, andika ameridhika. Mshamu, njoo uuvue wewe mwenyewe shingoni, mikono yangu haifiki.

Tai hiyo... haijaiva. Irudishe chunguni mara moja, utie msumari wenye kutu rangi ikolee, uitoe upesi. Asubuhi uilinganishe. Si kwenye taa.

Msidhaniane, wanangu. Ukisikia neno nyuma ya ukuta, zunguka ukaulize. Mungu awape riziki ya halali, awape vizazi vinavyosemezana... awasamehe, na mimi mnisamehe. Nimewaridhia wote.

Sauti inakatika. Pumzika kuandika, Zawadi... bado kidogo.

Mwamini, mkwe wangu. Kile kibakuli cha uji. Kilete hapa kwangu.

Zawadi, usionje.